Kichina cha Kuombea Maji

Wuniumo alijua kumwuliza mtu kwa Kichina kama ana mzio wa dawa kabla hajajua kuomba chumvi dukani. Ndivyo lugha ilivyomwingia, kwa njia ya sindano. Wengine hujifunza lugha ya watu kwa salamu, wakaenda kwenye vyakula, wakaishia kwenye bei. Yeye alianza na homa, akafuata paja, kisha "usimwogeshe leo". Siku zile za mwanzo ungemkuta sokoni ungecheka. Anaonyesha vitunguu kwa kidole kama bubu, na mwenye vitunguu akimsemesha, jibu pekee alilokuwa nalo mdomoni ni kumwambia akunje mkono wa shati.

Hakujitakia. Guoguo, binti yake, alipokuwa na miezi minane alishikwa na homa iliyomlegeza shingo. Ndio kwanza walikuwa wameshushwa kutoka mlimani kuja kukaa kwenye ghorofa za serikali, na mumewe Lahuo alikuwa mbali, kwenye kazi za kuchimba mahandaki ya reli. Wuniumo alimbeba mtoto mpaka zahanati, akapanga foleni, akafika dirishani. Aliulizwa jambo. Akajibu "mtoto", maana hilo ndilo neno alilokuwa nalo. Akaulizwa tena, akajibu "mtoto" tena. Waliokuwa nyuma yake wakaombwa watangulie, naye akakaa kwenye benchi na neno lake moja mpaka mama mfagizi, aliyejua Kichina na Kinuosu, lugha ya mlimani kwao Wuniumo, alipoyaona macho ya mtoto yamegeuka juu akaita wauguzi. Guoguo alipona. Lakini Wuniumo hakujisamehe, akajiapia kwamba nyumbani kwake hatakufa mtu kwa kukosa maneno.

Darasani hakuwahi kuingia hata siku moja, kwa hiyo alijitungia shule yake. Siku za chanjo alifika wa kwanza na kuondoka wa mwisho. Kila mzazi huambiwa asubiri nusu saa baada ya mtoto kudungwa. Yeye alikaa asubuhi nzima, masikio kayatega mlangoni mwa chumba cha sindano. Aliokota neno, akalishika mpaka nyumbani, akalifanyia kazi kwenye viazi. Kiazi cha kwanza anamenya huku anasema fashao, yaani homa. Cha pili anasema da zhen, piga sindano, maana Wachina nao sindano huipiga kama tuipigavyo sisi. Cha tatu mkono wa kulia, cha nne wa kushoto. Sufuria ikijaa somo limekwisha, na kesho yake analirudia kuanzia kiazi cha kwanza.

Miaka mitano ya viazi si haba. Ilifika mahali wanawake wa ghorofa zote sita, Wanuosu wenzake walioshuka naye mlimani, hawaendi hospitali bila kupita mlangoni kwake. Aliwaambia wauguzi mtoto yupi anakohoa na yupi anaharisha, mama yupi maziwa yamegoma. Muuguzi mmoja alimwuliza alisomea uuguzi chuo gani. Wuniumo alicheka njia nzima siku hiyo.

Sasa nisikilizwe vizuri hapa, maana bila hili hadithi yangu haina miguu. Katika nyumba ya Wuniumo alikuwamo baba mkwe, Aku Vuda, mzee wa miaka sitini na saba aliyevaa joho lake la sufu kiangazi na masika. Alikuwa msuluhishi. Koo mbili zikigombana kwa ng'ombe au kwa damu, Mzee Vuda huitwa kukaa katikati, na neno lake likishatoka halirudi. Na kwa Wanuosu, baba mkwe na mke wa mwanawe ni watu wa nyumba moja wanaokwepana. Mke huyo haketi karibu na baba mkwe, hamtanii, hampiti mbele wakati ameketi. Kule mlimani yalikuwapo mafiga matatu, mzee upande wa juu, mkwe upande wa chini, moto katikati. Huku ghorofani hakuna mafiga, lakini Wuniumo aliupima umbali uleule kwa vigae vya sakafu.

Zaidi ya yote, kuna maneno ambayo hayatajwi kati yao. Chochote kilicho chini ya kitovu hakina jina mkwe akiwapo. Na kibaya kupita vyote ni ushuzi. Mniwie radhi, nimetafuta neno jingine nimelikosa. Kijijini kwao mama yake Wuniumo palikuwa na bi harusi aliyekuwa akiwagawia wakwe pombe, hewa ikamponyoka. Aliweka bakuli chini taratibu, akatoka nje, na hakuonekana tena mpaka leo. Wachina wa mjini wakisimuliwa kisa hicho hucheka mpaka wakashika mbavu. Wanuosu hukisimulia kwa sauti ya chini, na hakuna anayecheka.

Mwaka huo, viazi vikishavunwa, Mzee Vuda aliacha kula. Aliposemeshwa alisema ni uzee. Siku ya pili tumbo lilikuwa limejaa na jasho linamtiririka, bado ni uzee. Mficha maradhi, kifo humuumbua, lakini mzee ni mzee, nani atamwambia? Akaitwa kuhani wa ukoo, akalizungusha yai juu ya tumbo lile, akalipasua kwenye bakuli la maji, akalitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema mizimu haimo katika jambo hili, mgonjwa apelekwe hospitali upesi. Kuhani yule namheshimu mpaka leo.

Hospitali ya mjini walisema utumbo umejisokota. Daktari Tang, kijana wa miwani asiyejua kutembea polepole, aliuliza mgonjwa amekwenda haja kubwa lini mara ya mwisho. Wuniumo alilielewa kila neno. Alimgeukia baba mkwe, akafungua mdomo, na mdomo ukabaki wazi. Basi akahesabu kichwani siku ambazo sahani ya mzee ilirudi na viazi vyake, akamwambia daktari siku tatu. Daktari akaandika. Saa ile ile mzee akaingizwa chumba cha upasuaji, na alipotolewa Daktari Tang akasema wamewahi. Wuniumo akapumua. Akajiona amevuka mto bila kulowa, na hapo ndipo alipokosea, maana alidhani mito yote ina kina kimoja.

Baada ya kupasuliwa tumbo kuna sharti. Mgonjwa hanywi wala hali mpaka utumbo uamke, na utumbo ukiamka hutoa habari kwa njia yake. Asubuhi ya pili Daktari Tang aliingia na muuguzi wake, akambonyeza mzee tumboni, akamwuliza Wuniumo swali lenye neno paiqi. Hilo hakuwa nalo. Watoto wachanga hawaulizwi jambo hilo, wanajifanyia tu. Aliomba aelezwe, na muuguzi, msichana mchangamfu asiye na hili wala lile, akabana midomo akaipuliza ikatoa sauti. Wagonjwa wengine wanne wa chumba kile, wazee wa Kichina, wakacheka hadi mmoja akashikilia mshono wake. Wuniumo aliungua uso na masikio. Alipomtazama mzee kwa pembe ya jicho, alikuwa ameikodolea dari macho.

"Babu," akamwambia kwa Kinuosu, "daktari anauliza umelalaje."

"Nimelala," akajibu mzee.

Wuniumo akamgeukia daktari, akamwambia bado.

Kwa nini bado? Kwa sababu hakujua, na alihitaji kusema kitu. Bado ni jibu lisilomvunjia mtu heshima. Asubuhi ya tatu daktari akauliza paiqi, Wuniumo akauliza usingizi, mzee akasema amelala, daktari akaambiwa bado. Asubuhi ya nne vivyo hivyo. Katikati ya hapo Wuniumo alimlowesha mzee midomo kwa pamba, maana ilikuwa imepasuka, na alimwona akiifuata kwa macho chupa ya maji ya jirani kila inapoinuliwa. Dripu ilimtia nguvu ya kuishi, lakini dripu haikati kiu. Muuguzi pekee aliyejua Kinuosu alikuwa likizo. Lahuo alikuwa ndani ya treni, siku mbili za safari, simu inashika na kukatika.

Asubuhi hiyo ya nne Daktari Tang hakuondoka upesi kama kawaida yake. Alisikiliza tumbo kwa kipimo chake, akalisikiliza tena upande wa pili, akakunja uso. Alisema haelewi. Tumbo linanguruma vizuri kabisa, lakini hewa haitoki, na tangu alfajiri mgonjwa ana joto kidogo. Akasema ikifika kesho asubuhi bado, watamfungua tena. Alimpa Wuniumo karatasi ya kutia sahihi kwa niaba ya familia, na akamweleza polepole, kwa heshima, kwamba moyo wa mzee umechoka, na wengine wa umri ule wakilazwa kwa dawa ya usingizi mara ya pili hawaamki. Moyo, hatari, sahihi. Yote aliyaelewa, maana aliyasomea kwa viazi.

Alitoka na karatasi ile hadi kwenye ngazi za dharura, akakaa. Alikuwa na hofu, na chini ya hofu palikuwa na jambo baya zaidi. Siku tatu mfululizo hakuna mtu aliyemwuliza mzee lile swali. Daktari aliliuliza, yeye akalizima. Aliyejiapia kwamba nyumbani kwake hatakufa mtu kwa kukosa maneno, sasa maneno anayo, na mtu anakufa kwa kuyakalia. Hakuna aliyemlazimisha. Tena mbele ya wanawake wa ghorofa sita angesifiwa.

Basi akajaribu. Pale ngazini, peke yake, akajaribu kulitamka swali kwa Kinuosu, kuuambia ukuta tu. Hakuweza. Akamwona bi harusi wa kijijini kwao mama yake akiweka bakuli chini. Akajaribu tena, ikawa ile ile. Akasonya, akalisema neno kwa Kichina: paiqi. Likatoka. Akalisema mara ya pili kwa sauti zaidi, mara ya tatu likagonga ngazi likarudi. Halikumwunguza. Neno lile halikuwahi kuketi mafigani kwao, halikumjua mkwe wala baba mkwe, lilikuwa neno la watu waliovaa koti jeupe tu. Mfagizi wa hospitali aliyekuwa akipanda na ndoo alisimama akamtazama huyu mwanamke anayeuambia ukuta habari za kutoa hewa, kisha akapita zake.

Wuniumo alirudi chumbani, akavuta kiti, na akakiweka karibu na kitanda kuliko alivyowahi kukiweka tangu aolewe. Kichwa akakigeuzia dirishani.

"Babu, nataka nikufundishe Kichina."

"Kichina cha nini," akasema mzee, sauti imekauka, "kwa mtu asiyepewa hata maji?"

"Cha kuombea maji."

Mzee hakukataa, maana yake amekubali. Akamfundisha neno la maji. Akamfundisha inauma na haiumi. Akamfundisha da zhen, na mzee akalirudia akiutazama mkono wake wenye sindano, akasema neno lenyewe linachoma. Akamfundisha namna ya kusema tayari na namna ya kusema bado. Mzee alikuwa na kichwa chepesi, si bure koo nzima zilimpa kesi zao azibebe kichwani bila kalamu.

"La mwisho sikupi maana yake," Wuniumo akasema. "Daktari hulisema kila asubuhi. Paiqi."

Wazee wa Kichina walikuwa wamelala kidogo baada ya chakula cha mchana.

"Lile la yule msichana na midomo yake," mzee akasema.

"Lile."

"Wewe huniuliza usingizi."

"Ndiyo, Babu."

"Na daktari unamwambia nini?"

"Namwambia bado."

Mzee alivuta joho lake hadi kidevuni.

"Wakisikia bado, wanafanya nini?"

"Kesho watakupasua tena. Karatasi ninayo hapa. Wanasema huenda usiamke." Alitaka kunyamaza hapo, lakini akapiga moyo konde akamalizia. "Mimi sijui kama ni tayari au ni bado, Babu, na siulizi. Daktari akija atalisema, wewe mjibu mwenyewe kwa Kichina. Mimi nitaangalia nje."

Kisha kutoka chini ya joho likatoka neno, limepinda, sauti imepanda mahali pa kushuka. Wuniumo alilirekebisha. Mzee akalirudia. Alimrekebisha tena, bila kumtazama, kama alivyokuwa akijirekebisha mwenyewe juu ya viazi, na mara ya nne likanyooka. Akabonyeza kengele ya kitandani.

Daktari Tang alikuja na muuguzi wake na haraka zake, akidhani mgonjwa kazidiwa. Wuniumo alisimama akaenda dirishani, akawapa mgongo wote. Chini uani mtu alikuwa akipakua magunia ya kabichi kwa ajili ya jiko la hospitali, naye aliyahesabu magunia yale ili masikio yake yawe na kazi nyingine. Alimsikia daktari akiuliza, kwa mazoea tu. Kisha akamsikia Mzee Vuda. Hakunong'ona. Alilisema kwa sauti aliyoitumia kati ya koo mbili zenye damu: paiqi, tayari.

Daktari aliuliza tangu lini. Mzee hakufundishwa majina ya siku, na Wuniumo hakugeuka kumsaidia. Alimsikia muuguzi akihesabu vidole vya mzee kwa sauti, leo, jana, juzi, kisha akapaza sauti kwamba tangu siku ya pili, daktari, tangu ile siku ya kwanza uliyouliza. Wazee wa Kichina walikuwa wameamka, wakacheka, mmoja akapiga makofi. Daktari Tang hakucheka. Alimwendea Wuniumo pale dirishani, akaichukua karatasi mkononi mwake, akaichana vipande vinne, na akamsema. Alimwuliza kama anajua alikuwa anakaribia kutia sahihi ya nini. Alimwuliza amekuwa akitafsiri nini siku zote hizi. Wuniumo hakujitetea. Alisimama akayapokea yote, maana yalikuwa yake, na baadhi ya maneno ya kukaripia hakuwa nayo, akayaokota.

Muuguzi alileta maji ya vuguvugu kwenye kikombe, akasema anywe kidogo kidogo, na jioni atapewa maji ya wali. Wakaondoka.

Desturi ni mkwe kuweka kikombe mahali, akasogea, mzee akakichukua mwenyewe. Lakini mkono mmoja wa mzee ulikuwa na dripu na wa pili ulitetemeka, kwa hiyo Wuniumo alikishika, na mzee akanywa kutoka mkononi mwake. Alikunywa macho yamefumba. Alipomaliza, Wuniumo alimwomba radhi. Alisema alimdanganya mara tatu, na nusura amuue.

"Sikulala hata siku moja, Mama Guoguo," mzee akasema. "Mtu gani hulala na mshono kama huu? Nilijua daktari hanibonyezi tumbo kwa sababu ya usingizi. Nilimwona yule msichana, nikaelewa kabla yako. Wewe ukanisitiri, mimi nikasitirika. Nikasema afadhali kisu."

Akameza mate, sasa alikuwa nayo ya kumeza.

"Wangenisifu mazishini. Na wewe wangekusifu, mkwe mwenye adabu kama yule hajazaliwa mwingine. Tungesifiwa sote wawili, mimi nikiwa maiti."

Wuniumo alilia, mbele yake, kwa mara ya kwanza tangu aingie katika nyumba ile, na mzee hakugeuza uso.